Nafasi ya Pettway

Mume wangu, Lucius Pettway, hajui kugombana, ndiyo maana mimi nimegombana kwa niaba yake tangu tulipooana. Nimegombana na wasimamizi wa kiwandani, na mwenye nyumba, na fundi bomba, na siku moja nusura nigombane na mchungaji. Lakini watu wa Haddox walinishinda. Walinishinda kwa sababu yeye mwenyewe alinishika mkono akaniambia ninyamaze, nami nikanyamaza. Basi sasa nasema.

Pettway alizaliwa Alabama, kwenye shamba la pamba ambalo halikuwa lao, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita. Kilichomtoa shambani ni pumzi. Shuleni walimpa besi, lile tarumbeta kubwa linalomzunguka mtu begani na kiunoni, ikaonekana mtoto ana mapafu ya fahali. Chuo cha Tolliver, pale Haddox, kikamwambia atasoma bure mradi apige katika bendi. Tolliver ni chuo chetu sisi watu weusi, na kwenye vyuo vyetu bendi haiji kusindikiza mpira. Mpira ndio unaoisindikiza bendi. Wakati wa mapumziko hakuna anayekwenda chooni. Watu huenda wakati timu zinacheza.

Alikuwa mwaka wa nne, amebakiza miezi michache, msumeno wa kiwanda cha mbao ulipomkata baba yake mkono. Nyumbani kulikuwa na mama na wadogo watano. Pettway akamfuata mjomba wake Flint, huko Michigan, akaingia kiwanda cha magari. Alisema anakwenda mwaka mmoja tu, kisha arudi amalizie. Mwaka ukazaa mwaka. Wadogo zake wawili wakasoma kwa jasho lake, mmoja akawa muuguzi, mwingine mwalimu, na picha zao wamevaa majoho ziko sebuleni kwetu juu ya televisheni. Ninazipangusa vumbi kila Jumamosi. Yake haipo, kwa sababu haikupigwa.

Kila Oktoba Tolliver huwa na sherehe ya Kurudi Nyumbani. Aliyesoma pale, awe Chicago au Texas, awe na kazi au hana, hufunga safari. Pettway hakwenda hata mara moja. Wikendi ile ilipofika alikuwa anaosha gari ambalo lilikuwa safi, akiulizwa jambo anajibu kwa mkato, na watoto walikuwa wanajua kumpisha. Nilipomuuliza sababu, miaka hiyo ya mwanzo, alinijibu mara moja tu.

"Pale mlangoni wanakubandika karatasi kifuani. Jina lako na mwaka uliomaliza. Mimi wataniandika nini, Ernestine?"

Sikumuuliza tena.

Alipostaafu ndipo akili ikamgeuka. Siku moja alirudi nyumbani na besi kuukuu aliyoitoa kwenye duka la vitu vya rehani, imebonyea hapa na pale, akaishusha chini kwenye chumba cha mashine ya kufulia. Majira yote ya baridi tulifua nguo huku nyumba ikitetemeka. Jirani akaja kuuliza kama tunafuga ng'ombe. Nikamwambia ndiyo, na maziwa hatumuuzii.

Alichokuwa akipiga kilikuwa kipande kifupi, kile kile. Kuna wimbo wa zamani wa Tolliver ambao bendi ya wazee, yaani waliopata kupiga hapo zamani, huupiga uwanjani Jumamosi ya Kurudi Nyumbani. Katikati ya wimbo, wote wananyamaza, ngoma na tarumbeta na kila kitu, na besi wa tatu kwenye safu anapiga peke yake sauti chache za chini kabisa, halafu bendi inarudi kwa kishindo. Besi wa tatu alikuwa Pettway.

"Nataka kupita pale mara moja," aliniambia. "Mahali pangu, nipige kipande changu, basi. Bendi ya wazee haiulizi vyeti. Ukiujua wimbo, unaingia."

Mtu mzima akikuomba kitu kidogo hivyo, baada ya maisha marefu hivyo, unampa. Tukaifunga besi kwa blanketi la kitandani, tukaipakia nyuma ya gari, tukashuka kusini.

Tulifika Haddox Ijumaa mchana. Mji mzima ulikuwa umevaa zambarau, rangi ya chuo, mpaka mbwa. Moshi wa mbavu za nguruwe ulikuwa kila kona, vijana wa vyama vya udugu vya wanachuo wanakanyaga chini kwa mguu mmoja na kuitikiana, na wazee wenye vitambi wanakumbatiana barabarani huku magari yakipiga honi. Lazima niseme kweli, roho yangu ilifurahi. Pettway alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, anatabasamu peke yake, anaonyesha dirisha moja baada ya jingine: pale tulilala, pale tulikula, pale nilianguka.

Kwenye meza ya kuandikisha alikuwepo binti wa chuo, mchangamfu, kucha zake nazo za zambarau.

"Karibu nyumbani, baba! Wa mwaka gani?"

"Niliingia mwaka wa themanini."

"Hapana, baba, kumaliza. Ulimaliza mwaka gani?"

Pettway akashusha sauti. "Sikumaliza, mwanangu."

Binti hakuwa na ubaya. Alifikiri kidogo, akachukua kalamu nene, akaandika jina lake, na chini yake MGENI. Kisha akaniandikia na mimi MGENI, mimi ambaye sikuwahi kukanyaga mji ule, tukatoka pale tumefanana. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji wangu alikuwa ameugua pale pale mbele ya meza, nikimwona.

Jioni tulikula kambale wa kukaanga kwenye uwanja wa kanisa, na hakuna aliyemtambua. Sikuwalaumu kwa hilo. Aliondoka kijana mwembamba, amerudi na mvi, miwani na tumbo nililolijenga mimi mwenyewe kwa pai ya viazi vitamu. Watu walikuwa wanamsoma kifua kwanza, kisha uso, wanaona MGENI, wanasema "Karibuni sana," wanapita. Nilitaka kuing'oa ile karatasi niikanyage. Yeye akasema kesho kwenye bendi watamjua kwa sauti, si kwa sura.

Nilidhani hiyo Ijumaa ndiyo mbaya. Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Asubuhi bendi ya wazee ilikusanyika nyuma ya jengo lao la mazoezi kunyoosha viungo kabla ya mechi. Walikuwa hamsini au zaidi, wanaume kwa wanawake, wamebeba ala, wanataniana kwa sauti ambazo hata viziwi wangesikia.

"Wewe Thurman! Hiyo sare umeshonewa au umemwagiwa?"

"Nimepungua, ndugu yangu."

"Umepungua wapi, akilini?"

Pettway akapita katikati yao na besi yake begani, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye safu ya besi. Walikuwa saba. Aliyekuwa akiwapanga alikuwa bwana mrefu mwenye kofia yenye unyoya na suti nyeupe isiyo na doa, Cornell Hadnot. Nilimjua kwa jina kabla sijamwona, kwa sababu alilala chumba kimoja na mume wangu miaka mitatu, na katika hadithi zote za Pettway yeye ndiye aliyeiba kuku na Pettway ndiye aliyekamatwa naye mkononi. Sasa alikuwa mwenyekiti wa bendi ya wazee.

"Cornell," Pettway akasema. "Bado unapinda shingo ukihesabu?"

Yule bwana akageuka. Akamtazama mume wangu, akatazama besi, akamtazama tena. Kisha, mtu mzima na suti yake nyeupe, akakaa chini kwenye lami.

"Yesu," akasema. "Pettway. Wewe umekufa."

Nikacheka. Ni mimi peke yangu niliyecheka. Wale besi wengine walikuwa wamesimama wima kabisa, na mmoja alikuwa amevua kofia.

Walipomwinua na kumpa maji, ndipo tukaelezwa. Bendi ile ina desturi: mwenzao akifa, nafasi yake kwenye safu huachwa wazi Kurudi Nyumbani inayofuata, mara moja, kisha safu hubanana. Lakini nafasi ya Pettway ilikuwa imeachwa wazi karibu miaka ishirini mfululizo, kwa sababu ya kile kipande. Bendi ikifika pale hunyamaza, na hakuna anayepiga. Uwanja mzima husimama.

"Nani aliwaambia amekufa?" nikauliza.

"Dada, hakuja," akasema Cornell. "Mwaka wa kwanza hakuja, wa kumi hakuja. Hapa kwetu mtu asiyekuja Kurudi Nyumbani amekufa au yuko jela. Na walio jela hutuma salamu."

Simu ya Flint ilikuwa ile ile miaka yote. Namba yetu haikubadilika tangu tuhamie. Lakini Pettway wangu hakuwa akisikia hayo. Macho yake yalikuwa yamejaa, anawatazama mmoja mmoja.

"Mliniwekea," akasema. "Miaka yote hiyo mliniwekea nafasi yangu."

"Na hakuna aliyeigusa, kaka. Naapa."

Wakakumbatiana, wakalia, wakapigana migongoni. Hata mimi nilijifuta macho kwa ile karatasi yangu ya MGENI. Kama hadithi ingeishia hapo ningewapenda watu wa Haddox mpaka leo.

"Haya," akasema Pettway, akaiweka besi sawa begani. "Nipange. Wa tatu."

Cornell akatabasamu. Kisha tabasamu likaondoka. "Leo?"

"Nimeendesha gari kutoka Flint, Cornell. Au nije Krismasi?"

Cornell akamshika mkono akamvuta pembeni, karibu na mapipa ya takataka. Nikawafuata. Hakuna aliyeniita, lakini nami sisubiri kuitwa.

"Kaka, nisikilize vizuri," akasema kwa sauti ya chini. "Leo uwanja mzima utasimama uvue kofia. Mkuu wa chuo atasimama. Kuna akina mama wanalia kila mwaka, wanakuja kwa ajili ya hiyo dakika tu. Nikikutia pale, nitawaambia nini? Kwamba tulikosea?"

"Ndiyo," nikasema. "Neno lenyewe ndilo hilo. Wala si refu."

"Dada, kwa heshima zote, wewe hukusoma hapa."

"Na huyu je?"

Nikamwambia, kama nafasi ya tatu ina utakatifu, basi ampe ya mwishoni, hata nyuma ya ngoma. Akasema haiwezekani, watu watamtambua wakimsikia, wataulizana.

"Mwakani," akasema. "Nipe mwaka mmoja, Pettway. Nitawaandaa polepole. Nitasema tumepata habari."

"Habari gani? Kwamba amefufuka?"

Pettway muda wote huo alikuwa anapangusa mdomo wa besi kwa kidole. Kisha akauliza, kwa upole kabisa, kana kwamba anauliza habari za mtu mwingine.

"Uliwaambia nimekufa na nini?"

Cornell akatazama viatu vyake.

"Mapafu," akasema. "Ilianza kidogo tu, kaka. Mtu aliniuliza, nikajibu. Mwaka uliofuata wakauliza tena, wakataka zaidi. Nikasema ulinipigia simu ukiwa hospitali, pumzi imekuishia, ukaniomba mtu yeyote asipige kipande chako." Akainua uso. "Nilikulilia kweli, Pettway. Hilo si uongo. Mwaka ule wa kwanza nililia mpaka nikaugua."

Mnafiki unaweza kumtukana. Huyu alikuwa mnafiki mwenye machozi ya kweli, na mtu wa namna hiyo hana pa kumshikia. Nilimwambia alichostahili kuambiwa, na sitarudia hapa kwa sababu wajukuu wangu wanasoma. Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu alikuwa amelala kitanda cha pili.

"Walilia kweli?" Pettway akamuuliza. "Hao akina mama?"

"Kila mwaka."

Pettway akaishusha besi begani. "Basi iacheni," akasema.

Kwenye gari nilimlipukia. Nilimwambia aingie kwa nguvu, asimame pale, apulize, tuone nani atamtoa. Nilimwambia kama hawezi, mimi nitakwenda kwenye kipaza sauti. Nilimwambia amewalea wadogo zake, amewalea watoto wangu, amewajengea watu magari ya kutembelea, na leo anashindwa kudai hatua mbili za majani. Alikuwa anaifunga besi kwa blanketi, anakunja pembe taratibu, kama anavyokunja shuka.

"Wamemlilia mtu miaka ishirini, Ernestine. Mimi nikitokea pale, wote watajiona wajinga. Kisha watanichukia."

"Wakuchukie!"

"Hapa sipo siku nyingine. Hapa nipo leo tu, wanaponikumbuka." Akafunga mlango wa gari. "Wakinichukia leo, ndiyo basi."

Nikasema turudi nyumbani saa hiyo hiyo. Akakataa.

"Nataka kusikia," akasema.

"Kusikia nini, na hakuna anayepiga?"

"Hicho hicho. Nataka kusikia wanavyokinyamazia."

Tukakaa upande wa wageni, juu, karatasi zetu kifuani. Sikumbuki nani alikuwa anashinda. Mbele yetu kulikuwa na mama mmoja wa umri wetu, kavaa zambarau mpaka hereni, kifuani kwake imeandikwa 1984, na alikuwa amekuja upande ule kwa sababu alifuatana na dada yake, ambaye hakusoma pale. Alitugawia karanga za kuchemsha. Alikuwa mtu mzuri. Nasema hivyo ili nisije nikamwonea.

Mapumziko yakafika, bendi ya wazee ikaingia. Nitawapa haki yao: walitembea vizuri, magoti juu, vitambi na yote, na watu wakapiga kelele mpaka viti vikatetemeka. Kisha nikaona safu ya besi. Mmoja, wawili, halafu upana wa mtu mmoja, majani matupu, halafu wengine. Walikuwa wanaitunza ile nafasi kwa uangalifu sana. Safu ikipinda, nayo inapinda pamoja nao, haiongezeki wala haipungui. Cornell alikuwa mbele, suti nyeupe, unyoya unapepea.

Sauti kwenye vipaza sauti ikasema, "Tusimame kwa ajili ya ndugu yetu Lucius Pettway, mhitimu wa mwaka elfu moja mia tisa themanini na nne."

Mhitimu. Uwanja mzima ukainuka kwa pamoja, kofia zikavuliwa.

Mimi nilikaa. Yule mama wa karanga akageuka, akanigusa begani taratibu.

"Simama, dada. Tunamheshimu marehemu."

Nilifungua mdomo. Naapa nilikuwa nimeshafungua mdomo, na maneno yalikuwa tayari. Ndipo mkono wa Pettway ukanishika, ukaniinua. Yeye alikuwa amesimama, kofia yake ameiweka kifuani, imeifunika ile karatasi ya MGENI.

Wimbo ukapanda, ukafika pale, ukakatika. Kimya. Watu maelfu, na ungeweza kusikia bendera ikipigwa na upepo. Nilitazama vidole vya mume wangu. Vilikuwa vinabonyeza juu ya paja, kimoja kimoja, na kutoka kifuani mwake, midomo imefungwa, nikasikia kile kipande cha chumba cha kufulia, chote, mpaka sauti ya mwisho, chini sana hivi kwamba ni mimi tu niliyekuwa karibu niliyeweza kukisikia. Alipomaliza, bendi ikarudi kwa kishindo, sawasawa, haikuchelewa wala kuwahi.

Yule mama alikuwa analia. Akajifuta kwa kiganja, akamgeukia Pettway, akamwona naye macho yamelowa.

"Ulimfahamu, kaka?"

"Kidogo," akasema Pettway.

"Alikuwa wa mwaka wetu. Tulimaliza naye."

Pettway akatazama uwanjani, ile nafasi ikitoka kwenye lango pamoja na safu.

"Kumbe alimaliza," akasema, akavaa kofia yake, akakaa.